Kipimo cha soda katika sabuni ya mawese

Swali: Je, mtu anayejifunza kutengeneza sabuni ya mche nyumbani anaweza kupima soda kwa kikombe?

Jibu: Hawezi, kwa kuwa sabuni huzaliwa pale mafuta yanapomenyuka na kostiki soda, yaani haidroksidi ya sodiamu, na kila aina ya mafuta hudai kiasi chake cha soda kwa uzito, ilhali kikombe hupima ujazo tu. Mawese, yanayopatikana kwa wingi Kigoma, yakichanganywa gramu 700 kwa gramu 300 za mafuta ya nazi, huhitaji takriban gramu 146 za soda safi na gramu 330 za maji. Kipimo hiki huacha makusudi mafuta kidogo yasiyomenyuka, ili sabuni isiunguze ngozi.

Soda ndiyo humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, kwani mchanganyiko huchemka ghafla na kuruka. Glavu na miwani ni vya lazima, na sufuria ya alumini, ambayo imejaa majikoni mwetu, haifai kabisa, maana soda huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Maji ya soda na mafuta yaliyoyeyushwa vikipoa hadi uvuguvugu, huchanganywa na kukorogwa hadi viwe vizito kama uji, kisha humiminwa katika kalibu. Miche hukatwa baada ya siku moja au mbili, na huachwa ikauke kwa wiki 4 kabla ya kutumika.