SOMO LA MIFUGO: Seli ya Kimeta, na Sababu ya Kutopasua Mzoga

Ng'ombe akutwapo amekufa ghafla bomani, tumbo limefura na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani na katika njia ya haja, fikira ya kwanza ya mwenye mali ni kuokoa kilichobaki: nyama iliwe, ngozi ipelekwe kwa mnunuzi. Hasara ni kubwa, na fikira hiyo si ya kushangaza. Lakini katika nchi ya Karatu na Ngorongoro, ambako kimeta hurudi mara kwa mara, kisu hicho chaweza kuzaa hasara ya miaka mingi. Sababu yake imo katika umbile la kijidudu chenyewe.

Kijidudu cha kimeta, Bacillus anthracis, ni bakteria, yaani kiumbe chenye seli moja tu. Umbo lake ni la fimbo fupi, na upana wake ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Seli ya ng'ombe ina kiini kilichofungwa ndani ya utando wake. Seli ya bakteria haina kiini cha namna hiyo. Uzi wake wa urithi umejikunja tu ndani ya ute wa seli, na kando yake zimo pete ndogo za urithi ziitwazo plasmidi. Ute huo umezungukwa na utando mwembamba, na utando nao umezungukwa na ukuta mnene. Penisilini huuvuruga ukuta huo wakati seli inapokua na kujigawa, ndiyo maana mgonjwa anayewahi hospitali kwa kawaida hutibika. Nje ya ukuta kuna kapsuli, mfano wa joho la utelezi, linaloikinga seli isimezwe na chembe nyeupe za damu. Plasmidi moja huagiza kutengenezwa kwa sumu. Nyingine huagiza joho.

Wataalamu huyajuaje haya? Seli hizi hazina rangi, na hata chini ya hadubini huonekana kwa shida. Hivyo hupakwa rangi kwanza. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, alitangaza njia ambayo rangi ya zambarau hung'ang'ania katika ukuta mnene hata seli ikioshwa kwa alkoholi. Kimeta hubaki na zambarau hiyo, lakini bakteria wengi wasio na madhara hubaki nayo vilevile. Kinachotambulisha kimeta ni joho lake. Mwaka 1903 John McFadyean wa Uingereza alieleza jinsi rangi ya buluu ya methilini inavyoonyesha fimbo za buluu zilizopangana kama mnyororo, zikiwa zimezungukwa na wekundu wa waridi. Kwa kipimo hicho tone moja la damu kutoka mshipa wa sikio latosha, likichukuliwa na Afisa Mifugo. Hakuna haja ya kupasua chochote.

Tena kupasua ndiko kunakomwokoa adui. Robert Koch, aliyekuwa daktari wa wilaya huko Ujerumani, alionyesha mwaka 1876 kwamba seli ya kimeta hugeuka kuwa spora: hupoteza maji, hujifunika matabaka magumu, na kukaa bila kula wala kukua. Ili igeuke hivyo inahitaji hewa. Ndani ya mzoga uliofungika hewa hakuna, na bakteria wa kuoza huziua seli za kimeta kwa siku chache. Damu ikimwagika, spora huingia udongoni. Katika kisiwa cha Gruinard, Uskoti, kilichofanyiwa majaribio ya kimeta mwaka 1942, ilibidi udongo unyunyiziwe dawa mwaka 1986, na kisiwa kikatangazwa kuwa salama mwaka 1990.

Ngorongoro, iliyotengwa mwaka 1959 kwa matumizi ya wafugaji pamoja na wanyamapori, haiwezi kunyunyiziwa dawa hivyo. Nyasi zikiwa fupi, ng'ombe na nyumbu hung'oa udongo pamoja na malisho, na ugonjwa haujui mpaka. Desemba 2016 nyumbu wengi walikufa kwa kimeta huko Selela, wilayani Monduli, na watu wakaugua.

Chanjo inayotumika sana yatokana na kazi ya Max Sterne wa Afrika Kusini katika miaka ya 1930. Ni spora hai za kimeta kilichopoteza plasmidi ya joho: mwili hujifunza kuipinga sumu, lakini kijidudu hakina pa kujificha. Kwa kuwa chanjo ni hai, ng'ombe asidungwe penisilini siku hizo, la sivyo chanjo itauawa pamoja na kazi yake. Kinga hudumu takriban mwaka mmoja, kwa hiyo katibu hana budi kuandika tarehe ya kila zizi.

Mzoga unaoshukiwa hulindwa dhidi ya mbwa na fisi mpaka Afisa Mifugo afike, kisha huteketezwa au kuzikwa kwa kina kama atakavyoelekeza. Ngozi yake isipokelewe katika ghala la chama, hata ikiletwa imekauka vizuri, kwa maana jua la kuanikia ngozi haliui spora.