Bundi wa Pemba: Nuksi Si Yake, Ni ya Shoka Letu

Leo napenda tuzungumze juu ya kiumbe ambaye wengi wetu hatupendi hata kumsikia usiku, naye ni bundi. Nakusudia bundi mmoja maalumu, yule mdogo wa kisiwani Pemba, ambaye wataalamu humwita Otus pembaensis. Hoja yangu ni kwamba ndege huyu yumo hatarini, na kwamba usalama wake hauko mikononi mwa walinzi wa msitu peke yao. Sehemu kubwa imo mikononi mwa wenye mashamba ya mikarafuu.

Kwanza tumjue. Urefu wake ni takriban sentimita 20, na chakula chake kikubwa ni wadudu. Wapo wenye rangi ya hudhurungi na wapo wenye wekundu kama wa kutu. Mchana hujificha penye majani mazito, na usiku hutoa mlio mmoja mfupi, hu, kisha akanyamaza, kisha akarudia. Aliandikwa kitaalamu mwaka 1937 na Pakenham, ofisa wa utawala wa Kiingereza Zanzibar. Hapatikani Unguja, hapatikani Tanga wala Mombasa, wala pengine popote duniani. Sababu ni kuwa Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye kina kirefu, na kwa muda mrefu kuliko Unguja. Kwa hiyo ina ndege wake wanne wasiopatikana kwingine: bundi huyu, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba.

Pili, tuelewe maana ya kuwa hatarini. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lililoanzishwa mwaka 1948, lina Orodha Nyekundu ya viumbe. Viumbe wanaotishiwa kutoweka hupangwa humo katika madaraja matatu, na bundi wa Pemba yumo katika daraja la kwanza. Asije mtu akasema, alaa, kumbe ni la chini, basi tustarehe! Ndege wa bara akikatiwa msitu mmoja huenda akabaki katika mwingine. Huyu dunia yake yote ni kisiwa kimoja kisichofika kilomita za mraba 1,000. Akitoweka Pemba, ametoweka duniani.

Tatu, ni kitu gani kilichompunguzia makazi? Hapa inabidi turudi kwenye historia. Karafuu zilishika kasi Zanzibar zama za Sayyid Said, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba, ambayo haikuumia kiasi hicho, ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Msitu ulifyekwa ili kupisha mikarafuu. Msitu mkubwa uliobaki ni Ngezi, kaskazini magharibi, wenye takriban hekta 1,400. Piga hesabu mwenyewe: hazifiki asilimia 2 ya kisiwa.

Lakini Mwenyezi Mungu amempa ndege huyu uwezo wa kuzoea. Alipokosa msitu wa asili, aliingia katika mashamba ya mikarafuu mikongwe yenye vivuli vizito, na mpaka leo anaishi humo. Hii ni neema, na ndiyo hatari yenyewe, maana shamba si hifadhi. Shamba lina mwenyewe, na mwenyewe ana shida zake: kuni, mbao, kiwanja cha nyumba ya mtoto aliyeoa, mahali pa kupanda muhogo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Pemba watu zaidi ya laki 4, na ya mwaka 2022 zaidi ya laki 5. Ardhi haikuongezeka hata shubiri moja.

Nne, kuna hili la imani. Wapo wanaoamini kuwa bundi akilia juu ya paa pana mtu atakufa, na wapo wanaomrushia mawe kwa ajili hiyo. Kwetu Waislamu jambo hili lilikwishamalizwa. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikanusha tiyara, yaani kuamini nuksi ya ndege, na akakanusha hama. Wanazuoni wameeleza kuwa hama ni ndege wa usiku, bundi, ambaye Waarabu wa Jahiliya walidhani ni roho ya maiti inayodai kisasi. Vipi basi mtu aswali Ishaa, kisha atoke amuue ndege kwa itikadi ya Jahiliya?

Je, pana matumaini? Yapo, na ushahidi uko Pemba penyewe. Popo mkubwa wa Pemba, naye hapatikani kwingine, mwaka 1996 aliorodheshwa katika daraja la juu kabisa la hatari kwa sababu ya kuwindwa. Wanavijiji waliunda vikundi vya kumlinda, kama ilivyofanyika Kidike, na ilipofika mwaka 2008 popo waliohesabiwa walizidi elfu 20. Akashushwa mpaka daraja la kwanza. Waliofanya kazi hiyo ni wakulima na wavuvi wa kawaida.

Kwa bundi, ninayoyaomba ni machache. Ngezi isiguswe. Anayeng'oa mikarafuu mizee ili apande miche mipya asifyeke shamba zima kwa mkupuo mmoja, bali aende sehemu kwa sehemu. Na mti mkubwa wenye tundu, uwe mwembe au mvule, auache, kwani bundi wa jamii hii kwa kawaida hutaga katika matundu ya miti, na mche wa leo hautakuwa na tundu mpaka wajukuu zetu wazeeke. Masheikh na walimu wa madrasa nao wawafundishe vijana kwamba mlio ule wa usiku hautangazi msiba wa mtu. Siku utakaponyamaza Pemba nzima, hapo ndipo tutakuwa na msiba, na hautakuwa umeletwa na bundi.

Wabillahi tawfiq.