Kufundisha Wilaya ya Tabora ya Zama za Wajerumani: Ardhi Kwanza, Boma Baadaye

Mwanachuo anayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule za Tabora hukutana na mada ya utawala wa Wajerumani, na mara nyingi huianza kwa maneno yaliyozoeleka: Wajerumani walikuja, wakajenga boma, wakaweka wilaya. Watoto huyanakili madaftarini, na siku ya mtihani huyarudisha kama yalivyo. Maneno hayo si ya uongo. Tatizo ni kwamba mtoto hutoka darasani akiamini kuwa kabla ya boma hapakuwa na kitu, naye pengine ni mjukuu wa watu waliolima, waliofanya biashara na waliotawala katika nchi hiyo hiyo. Makala haya yapendekeza mfuatano mwingine: ardhi itangulie, zifuate njia na soko, na boma lije mwisho, kama lilivyokuja kweli.

Tabora ipo katika uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili; miezi inayobaki ni kiangazi. Misitu ya miombo imeenea pande nyingi. Humo hupatikana mninga, asali na nta, lakini humo pia hukaa mbung'o, adui wa ng'ombe. Kwa hiyo watu wa kale walijikusanya mahali palipokwisha kufyekwa, wakalima mtama na mazao mengine. Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi ambamo mji wa Tabora ulikua, ilikuwa mojawapo ya mahali hapo. Msafara kutoka pwani ulipita Ugogo, penye maji haba na hongo nyingi, ukakata pori la Mgunda Mkali, ndipo ukafikia mashamba na visima vya Unyanyembe. Kutoka hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mtoto akiyaona hayo kwenye ramani atajieleza mwenyewe kwa nini soko liliota pale.

Ramani hiyo isichorwe ubaoni tu. Watoe wanafunzi uwanjani, chora njia kwa majivu, weka mawe yawe Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora na Ujiji, kisha waambie watembee. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na mara nyingine zaidi. Mtoto asibebeshwe kilo 30. Ndoo ndogo ya maji kichwani yatosha kumfahamisha jambo.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Tabora. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ina urefu wa kilomita zipatazo 840 kutoka Dar es Salaam. Reli haikufuata kila kona ya njia ya misafara, lakini kwa makadirio yafaa. Wanafunzi wagawe 840 kwa 134; watapata kilomita 6 na ushei kwa siku. Watauliza mara moja: mbona walikwenda polepole hivyo, hali mtu mzima aweza kutembea kilomita 20 kwa siku? Usiwajibu upesi. Waache wataje wenyewe siku za kupumzika, maradhi, mashauri ya hongo na wapagazi waliotoroka. Kisha wahesabu wapagazi wa kubeba tani moja, nao watapata 34. Baada ya hapo hawatahitaji hotuba ya kuwaeleza kilichowapata wapagazi wa misafara reli ilipofika.

Twafika penye ugumu, na mwalimu asiyejiandaa hapa huumiza watoto. Biashara iliyopita Tabora ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watu pia. Darasani Tabora huenda wakaketi pamoja watoto wa Kinyamwezi, wa Kimanyema na wa Kiarabu, na baadhi yao wamekwisha kusikia nyumbani nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumwa. Utumwa usifichwe, kuuficha ni kudanganya. Lakini pia usifundishwe kana kwamba kila aliyetwishwa mzigo alikuwa na mnyororo shingoni. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, waliokwenda pwani wakati wa kiangazi na kupenda kurejea kabla ya kulima. Waliijua njia kuliko wafanyabiashara waliowaajiri. Mwalimu akiyatenganisha mambo haya mawili kwa uangalifu, hakuna mtoto atakayeinamisha kichwa kwa sababu ya ukoo wake.

Sasa boma laweza kuingia. Mwaka 1890 Emin Pasha alifika Tabora, akapandisha bendera ya Kijerumani na kufanya mapatano na wafanyabiashara Waarabu. Isike, mtemi wa Unyanyembe, hakukubali kutawaliwa. Ngome yake ilishambuliwa mwaka 1892 bila kutekwa. Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kiliivunja, na Isike, alipoona amezingirwa, aliiwasha baruti yake mwenyewe. Simulia habari hii polepole. Ni heri kipindi kiishie hapa kuliko kukimbilia tarehe nyingine.

Wilaya iliyofuata ilikuwa pana mno. Ilienea hata sehemu ambazo leo ni Nzega, Kahama na Shinyanga. Nchi ya ukubwa huo haikuweza kutawaliwa na maofisa wachache waliokaa bomani, hivyo watemi waliachwa mahali pao, nao wakawa watumishi wa boma. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na fedha ya kuilipa ilitafutwa mbali: katika mashamba ya wazungu huko Tanga na Usambara, na katika ujenzi wa reli. Watu wa misafara wakawa vibarua. Mwanafunzi akiulizwa tofauti kati ya mpagazi wa mwaka 1870 na kibarua wa mwaka 1910, ingawa wote wawili walisafiri kutafuta ujira, atakuwa ameanza kufikiri kama mwanahistoria.

Vita vya Kwanza vya Dunia vyaweza kupitwa kwa haraka: serikali ya Wajerumani ilihamia Tabora, na mnamo Septemba 1916 mji ukatekwa na majeshi ya Wabelgiji. Wanafunzi watapenda kusikia kuwa mwaka huo zilipigwa hapo sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Waeleze pia kwamba neno hela latokana na sarafu ya Kijerumani iitwayo Heller, na neno shule ni la Kijerumani. Mtoto anayesema "sina hela ya shule" amekwisha kuitaja historia mara mbili bila kujua.

Ziara ya Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ipangwe mapema kwa ruhusa. Huko lipo tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Waelekeze wanafunzi watazame kuta, paa na ua, waseme jengo lilijengwa kwa ufundi wa nani na kwa vitu gani, kabla ya kutaja wageni waliolala humo. Walio mbali na Kwihara watafute miembe mikongwe iliyo jirani na shule na kuwauliza wazee nani aliipanda. Majibu yasipolingana, yaandikwe yote ubaoni na darasa lijadili.

Katika jaribio la mwisho, acha swali la "Wajerumani walifika Tabora mwaka gani?" Uliza hivi: "Ungekuwa ofisa wa mwaka 1893, boma la wilaya ungelijenga wapi, na kwa sababu gani?" Anayetaja maji, chakula, njia panda na soko apewe alama zote, hata kama mwaka ameusahau.