Mrija wa Mti wa Sukari

Katika majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani, na katika Kanada upande wa mashariki, huota mti mkubwa uitwao mepuli. Jani lake limegawanyika sehemu tano kama vidole vya mkono, na mfano wa jani hilo umo katika bendera ya Kanada. Ndani ya mti mna utomvu mwepesi kama maji, wenye utamu kidogo. Utomvu huo ukichemshwa kwa muda mrefu huwa shira nzito ya rangi ya kahawia, nayo huliwa kwa mikate na vyakula vingine. Wenyeji wa kwanza wa nchi zile, kama Waabenaki na Waanishinaabe, waliijua kazi hii zamani, kabla Wazungu hawajafika.

Utomvu hautoki kila wakati. Hutoka mwisho wa majira ya baridi, yapata mwezi wa Februari hata Aprili, siku ambazo usiku maji huganda kuwa barafu na mchana jua huleta joto kidogo. Usiku mti huvuta maji kutoka ardhini. Mchana barafu iliyomo ndani yake huyeyuka, na utomvu husukumwa nje penye tundu. Siku hizo ni chache, kiasi cha majuma manne au sita. Machipukizi ya majani yakianza kuvimba, utomvu huharibika ladha yake, na kazi imekwisha. Basi akosacho mkulima katika majuma hayo hakipati tena mpaka mwaka ujao.

Kazi yenyewe huanza hivi. Mkulima huchagua mti ambao upana wa shina lake haupungui sentimita 25. Huchukua kekee kali na safi, akatoboa tundu lenye kina cha sentimita 4 au 5, lililoinuka kidogo kuelekea ndani ili utomvu uteremke nje. Huondoa takataka za mti zilizobaki tunduni, lakini hapulizi kwa kinywa, kwa maana pumzi ya mtu huingiza uchafu. Kisha hutia mrija mfupi, akaugonga kwa nyundo polepole. Akiugonga kwa nguvu nyingi mti hupasuka, na utomvu huvuja kando. Chini ya mrija huangika ndoo yenye kifuniko, au huunga bomba jembamba la plastiki lipelekalo utomvu mpaka kwenye pipa.

Tundu moja huweza kutoa karibu lita 40 za utomvu katika majira yote. Nazo lita 40 zikichemshwa hubaki lita 1 tu ya shira. Kwa hiyo tundu likikauka mapema, hasara yake si ndogo.

Mbona tundu hukauka? Watu wa zamani walidhani kwamba upepo na jua ndivyo vilivyolikausha. Leo yajulikana kwamba sababu kubwa ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kama vile maziwa yaharibikavyo upesi yakitiwa katika chombo kisichooshwa, ndivyo vijidudu vistawivyo katika utomvu mtamu, hasa siku za joto zikija. Mwenyezi Mungu ameupa mti njia ya kujilinda. Unapoona jeraha na uchafu, huziba vijia vyake vya maji karibu na tundu, ili uharibifu usiingie ndani zaidi. Vijia vikiisha kuzibwa, utomvu hautoki tena hapo, hata kama baridi ya usiku yarudi. Mti haukuchoka wala haukuisha maji. Umefunga mlango wake tu.

Mfano wake ni wakulima wawili walio jirani, kila mmoja ana matundu 100. Wametoboa miti siku moja. Wa kwanza amesafisha mirija yake yote, na iliyochakaa ameitupa. Wa pili ameitoa ghalani kama alivyoiweka mwaka jana, ina utando mweusi ndani, akasema moyoni, “Yatosha, kazi ya mrija ni kupitisha maji tu.” Majuma ya kwanza ndoo zao hujaa sawasawa, na wa pili huona kuwa amepata faida ya bure. Kisha huja siku za joto, na baada yake baridi hurudi. Sasa ndoo za jirani hujaa tena, lakini za huyu zina matone machache. Hutamani kutoboa matundu mapya, lakini kila tundu ni jeraha, na mti uliotiwa jeraha mara mbili katika mwaka mmoja hulipa mwenyewe gharama ya uvivu wa mtu. Akitoboa, ataudhuru mti wake. Asipotoboa, atakaa na kutazama moshi wa jiko la jirani.

Watu wametafuta njia nyingi za kuishinda shida hii. Mirija ya kwanza ilikuwa ya mti, iliyotengenezwa kwa vijiti vilivyotolewa moyo wake wa ndani. Mti hunywa uchafu, na kuusafisha ni kazi ngumu. Baadaye, katika karne ya 19, ikaja mirija ya chuma, ambayo huweza kuchemshwa. Katika miaka ya 1960 watu wengi walitia tunduni kidonge cha dawa kali ili kuua vijidudu. Utomvu ukaendelea kutoka, lakini ikaonekana kwamba dawa ile iliuzuia mti usizibe jeraha lake, na mti ukaoza ndani. Kwa hiyo dawa hiyo imekatazwa katika Kanada na Marekani. Ilipatikana faida ya mwaka mmoja kwa kuharibu mali ya miaka mingi.

Njia iliyo njema ni usafi. Majira yakiisha, mkulima huing’oa mirija yote mara moja, kwa kuwa mrija ulioachwa hulizuia tundu lisipone. Mirija ya chuma huisugua kwa burashi na maji ya moto, kisha huichemsha, huikausha na kuiweka mahali pakavu. Ndoo huoshwa kwa dawa ya klorini isiyo na manukato, kipimo 1 katika vipimo 20 vya maji, kisha husuuzwa mara tatu kwa maji safi ya moto. Sabuni haifai, kwa sababu ladha yake huingia katika shira. Tena, dawa ya klorini ikiachwa katika mabomba ya plastiki bila kusuuzwa, huacha chumvi, na kindi wa msituni hupenda chumvi. Huja wakayatafuna mabomba na kuyatoboa.

Mirija ya plastiki ni vigumu kuisafisha kabisa, kwa sababu vijidudu hujificha katika mikwaruzo yake. Bei yake ni ndogo, basi wakulima wengi huibadili kila mwaka, na utomvu waupatao huzidi gharama.

Hata hivyo mrija mpya hautoshi ukiungwa na bomba chafu. Katika jimbo la Vermont, mahali paitwapo Underhill, Chuo Kikuu cha Vermont kina kituo cha kuchunguza miti ya mepuli, kilichoanzishwa mwaka 1946. Wataalamu wa huko walichunguza mabomba yenye mashine ya kufyonza. Waliona kwamba mashine isimamapo, mti huvuta nyuma utomvu uliomo katika bomba, pamoja na uchafu wake. Ndipo wakabuni mrija wenye kigololi kidogo ndani. Utomvu ukitoka, kigololi husogea na kuupisha. Ukitaka kurudi, kigololi huziba njia.

Tundu safi lililong’olewa mrija wake mapema hufunikwa na gome jipya katika mwaka mmoja au zaidi kidogo. Lakini mti wa ndani uliojeruhiwa, juu na chini ya tundu, haupitishi utomvu tena. Kwa hiyo mwaka ufuatao mkulima hutoboa mahali pengine, sentimita 15 au zaidi kando ya tundu la zamani.

Mti wa mepuli huchukua yapata miaka 40 kukua hata ufae kutobolewa, na ukitunzwa huweza kutoa utomvu kwa zaidi ya miaka 100. Mara nyingi atoboaye siye aliyeuona ukichipuka, wala siye atakayevuna mwisho wake. Mrija ni kitu kidogo kuliko kidole cha mtu, na kuusafisha ni kazi ya dakika chache. Lakini hapo ndipo hujulikana kama mtu anatunza mti, au anauibia wajukuu wake.

Maswali

1. Utomvu wa mepuli hutoka katika siku za namna gani?
2. Kwa nini mkulima hapulizi tundu kwa kinywa?
3. Mti hufanya nini uchafu ukiingia katika jeraha lake?
4. Eleza kwa nini dawa ya kidonge ilikatazwa.
5. Kigololi kilichomo katika mrija kina kazi gani?