Kepteni Selous na Wapagazi wa Rufiji

Wasomaji wetu wa Ruaruke na wa delta ya Rufiji wamekwisha kusikia habari za manowari Königsberg, iliyojificha katika mito yetu ya mikoko hata ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915 ilipopigwa na mizinga ya Waingereza. Lakini vita vile havikwisha hapo. Vilifika nyika za juu ya mto, na huko, mahali paitwapo Beho Beho, aliuawa ofisa mmoja mzee. Leo twataka kueleza maisha yake, kwani yana mafunzo mawili.

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Alifika Afrika ya Kusini mwaka 1871, kijana wa miaka 19, akawa mwindaji wa ndovu na mwandishi wa vitabu vya safari zake. Mwaka 1890 aliwaonyesha njia watu wa kampani ya Cecil Rhodes walioingia nchi ya Wamashona, ambayo sasa ni Zimbabwe. Baada ya safari ile wenyeji walinyang'anywa ardhi nyingi. Jambo hilo nalo ni sehemu ya habari zake, wala haifai kulificha.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa na miaka 62. Akaomba kwenda vitani, akakataliwa kwa sababu ya uzee. Hakukata tamaa, mwaka 1915 akapokewa katika batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, akafika Mombasa mwezi wa Mei, na mwezi wa Juni alikuwamo katika shambulio la Bukoba. Akapandishwa cheo kuwa kepteni. Mwaka 1916 aliugua, akapelekwa Uingereza kutibiwa, kisha akarudi. Mwezi wa Septemba mwaka ule alitunukiwa nishani ya D.S.O., iliyokuwa ikipewa maofisa wakati ule kwa utumishi bora vitani.

Mwanzo wa Januari 1917 Waingereza waliondoka mto Mgeta kuwasukuma Wajeremani waelekee Rufiji. Tarehe 4, Selous akiongoza kampani yake huko Beho Beho, alipigwa risasi akafa. Alikuwa amepata miaka 65 siku nne tu zilizopita. Mwana wake, rubani wa vita, aliuawa Ulaya tarehe ile ile mwaka 1918. Kaburi la baba li palepale Beho Beho, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyoanzishwa mwaka 2019.

Fundisho la kwanza ni hili: mwenye kuamuru na atangulie. Mzee yule aliweza kukaa nyumbani kwake bila aibu, lakini alitembea njia ile ile waliyotembea askari wake, na hatari yao ikawa hatari yake.

Fundisho la pili lahusu wale wasioandikwa. Wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, na motokari zilikwama matopeni. Kwa hiyo chakula na risasi vilichukuliwa vichwani mwa watu. Walimu na wawape wanafunzi hesabu hii. Mpagazi achukua kilo 25 za unga, naye ala kilo 1 kila siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20; askari wapata kilo 5 tu. Ndiyo sababu pande zote mbili zilitafuta wapagazi wengi mno, na wengi walishikwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa homa, kuhara na njaa. Selous aliomba kwenda, hao hawakuulizwa.

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 yawakumbuka askari Waafrika na wapagazi pamoja, lakini haitaji jina la hata mmoja. Ofisa ana kaburi, nishani na tarehe. Mpagazi hana hata jiwe.

Basi twawasihi wazee na walimu: waulizeni watu wa mitaa yenu ni babu gani alichukuliwa katika vita vile, alipelekwa wapi, na kama alirudi. Yaandikeni majina hayo katika daftari la shule, kabla hawajaondoka wale wa mwisho wayajuao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu pia.