VIZA SI UKAAZI: SOMO LA MANENO MANNE

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama alinipa kazi ya kuandika somo la istilahi. Nami nikachagua maneno manne ambayo hapa mjini kila mtu huyataja lakini wachache mno huyatofautisha: viza, kibali, ukaazi na uraia. Usidhani ni maneno ya kamusi tu. Nyumbani kwetu, kutoyajua kulimpotezea shangazi yangu miaka minne, kama utakavyoona.

Nitatumia mfano wa Italia, maana sisi wa pwani hii Ulaya yetu ni Italia. Chanzo chake kiko Ngomeni. Waitaliano walijenga huko kituo cha San Marco, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ikarushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini. Baada ya wahandisi wakaja watalii, kisha mahoteli, kisha majumba ya Casuarina. Leo utamkuta kijana wa ufukweni akijadili bei kwa Kitaliano safi, na ukimuuliza atakwambia siku moja atakwenda "kukaa kabisa". Hebu basi tuone kukaa kabisa ni nini.

VIZA ni ruhusa ya kubisha hodi. Ile ya utalii humpa mtu siku 90 ndani ya kila siku 180, na katika siku hizo hakuna hata moja inayohesabiwa kuelekea ukaazi wa kudumu. Hapa wengi hudanganyika: wanadhani ukishaingia, umeshaanza kuhesabu. La! Anayetaka kukaa huhitaji viza ya muda mrefu, ya kazi, masomo au familia. Tena ile ya kazi haianzi na wewe. Mwajiri aliyeko Italia ndiye huomba idhini kwanza, ndani ya idadi ambayo serikali yao imepanga, kisha wewe ndipo uende ubalozini Nairobi. Kwa hiyo mtu akikuuzia viza ya kazi hapa ufukweni, na jina la mwajiri hana, ujue anakuuzia upepo.

KIBALI ndicho Waitaliano wanachokiita permesso di soggiorno (soma "permeso di sojorno"). Mtu akishafika ana siku 8 za kazi kukiomba. Fomu hupelekwa posta, alama za vidole huchukuliwa polisi. Kibali kina tarehe ya mwisho na kina sababu yake: kazi, masomo, ndoa. Sababu ikiisha, kibali nacho huanza kuyumba. Ndiyo maana huwezi kumwita mwenye kibali mwenyeji. Bado ni mgeni aliyepewa kiti.

UKAAZI wa kudumu (wengine huandika "ukazi") ndio kiini cha somo hili. Italia ilianza kuutoa kwa sheria ya mwaka 1998, baada ya miaka 5. Mwaka 2002 wakaongeza iwe 6. Mwaka 2007, kwa kufuata agizo la Umoja wa Ulaya la 2003, wakarudi kwenye 5. Mwombaji awe ameishi humo kihalali miaka hiyo yote na kibali chake kiwe hai. Kipato chake kisipungue kile kiwango ambacho serikali yao huwapa wazee maskini kwa mwaka. Asiwe mtu wa kuhatarisha usalama, na tangu Desemba 2010 afaulu mtihani wa Kitaliano wa ngazi ya A2. Mtihani huo si mgumu. Vijana wetu wa ufukweni wangeupita bila kusoma, ingawa kuandika kungewatoa jasho kidogo.

Kigumu ni hesabu. Ndani ya ile miaka 5, mtu akitoka Italia safari moja isifike miezi 6 mfululizo, na safari zote zikijumlishwa zisizidi miezi 10. Ukivuka, hesabu imekatika, unaanza moja.

Sasa nije kwa shangazi. Aliondoka mwaka 2014 kwenda kumtunza mzee mmoja wa Kitaliano, kazi halali, kibali halali, akikifanya upya kila kilipokaribia kwisha. Mwanzoni mwa Februari 2018 nyanya, yaani mamake, akaugua sana, naye akaja kumuuguza. Mwanzoni mwa Julai nyanya akafariki. Shangazi angeondoka baada ya matanga angekuwa salama. Lakini ni binti gani wa kwetu atakayepanda ndege kabla ya arubaini ya mamake? Alikaa, tukasoma hitima, akaondoka katikati ya Agosti. Miezi 6 na siku kadhaa.

Kibali chake cha kazi kilikuwa cha miaka 2, kwa hiyo hakikuguswa, na hilo ndilo lililomlaza usingizi. Mwaka 2019 akapeleka maombi ya ukaazi wa kudumu akijua ametimiza mitano. Karani akafungua pasipoti, akafuata mihuri kwa kidole, akamwambia aanze kuhesabu kutoka Agosti 2018.

Jambo linaloniuma mpaka leo ni hili. Sheria ile ile inasamehe safari ndefu kama kuna sababu nzito iliyothibitishwa kwa karatasi. Cheti cha kifo alikuwa nacho, lakini cheti huonyesha siku ya kufa tu. Barua za daktari na kadi za hospitali, ambazo zingeonyesha ni miezi mingapi nyanya aliuguzwa, tulizichoma sisi wenyewe na takataka nyingine siku tuliyosafisha chumba chake. Nani angejua? Shangazi alisubiri, akaomba tena mwaka 2023, akapata.

Na akishapata je? Jina ni "wa kudumu" lakini kadi yenyewe hufanywa upya kila miaka 10. Kinachodumu ni haki, si plastiki. Haki hiyo nayo hupotea mtu akikaa nje ya Umoja wa Ulaya miezi 12 mfululizo. Hata hivyo, Januari 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba siku chache tu za kuwapo humo ndani ya miezi hiyo 12 zinatosha kuiokoa. Shangazi sasa huja kila mwaka na tiketi ya kurudi ameifunga kwenye leso.

URAIA nitaugusa tu. Mgeni wa nje ya Umoja wa Ulaya husubiri miaka 10, kwa sheria ya 1992. Juni 2025 walipiga kura ya maoni ili ipunguzwe iwe 5, lakini waliojitokeza hawakutosha. Kwa upande wetu, Katiba ya 2010 hainyang'anyi Mkenya uraia wake akipata wa pili.

Msije mkadhani ni Ulaya peke yake inayohesabu. Mtaliano wa hapa Malindi aliyeoa Mkenya husubiri miaka 3 ya ndoa ndipo aombe ukaazi wa kudumu, kwa sheria yetu ya 2011. Asiyeoa awe ameshika vibali vya kazi miaka 7, na 3 ya mwisho awe amekaa nchini mfululizo. Nao pia huhesabu mihuri.

ZOEZI. Kijana ameishi Italia kwa kibali cha kazi tangu Januari 2020 hadi Desemba 2024. Alikuja nyumbani miezi 4 mwaka 2021, miezi 4 mwaka 2023, na miezi 3 mwaka 2024 kuoa. Je, hesabu yake imekatika? Kama imekatika, ni karatasi gani angeweka, na harusi ni sababu nzito au la? Majibu yaletwe kwenye mkutano wa chama, na tafadhali onyesheni hesabu.