SOMO: KUTULIZA MOYO UWANJANI

Sisi tunaosimamia vijana wa mpira wa magongo tunawafundisha kushika gongo, kutoa pasi na kuzuia kona. Lakini ni nani anayewafundisha kuushika moyo? Somo hili tunalianza na kosa letu wenyewe.

Kisa chetu

Msimu uliopita wavulana wetu walikuwa mbele kwa bao moja, tukiwa robo ya mwisho. Refa akapiga filimbi: mpira umemgusa mchezaji wetu mguuni. Sisi walimu tuliokuwa kando ya uwanja tukapaza sauti, "Kwani huoni?" Kijana wetu wa kiungo kusikia hivyo, naye akaligonga gongo chini kwa hasira, likapasuka. Kadi ya manjano! Akakaa nje dakika tano, wenzake wakabaki kumi, tukafungwa mabao mawili. Gongo lenyewe lilikuwa la kikundi, vijana wawili walilitumia kwa zamu.

Wiki tatu hakuja mazoezini. Tulipomtembelea kwao alituuliza, "Mbona nilipewa kadi mimi, na walioanza ni ninyi?" Hatukuwa na jibu.

Hasira hasara

Katika mchezo huu kadi ya kijani humtoa mchezaji kwa dakika mbili, ya manjano dakika tano au zaidi, na mwenye nyekundu harudi tena. Wakati huo wote haruhusiwi mtu kuingia badala yake. Basi hasira ni ya mmoja, lakini deni ni la timu nzima.

Vijana wakumbuke pia walikotoka. Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona mwaka 1971, Kenya ilikuwa ya nne. Avtar Singh Sohal aliichezea Kenya Olimpiki nne, tangu 1960 hadi 1972, na tatu za mwisho alikuwa kepteni. Ufundi wa mkono peke yake haumfikishi mtu huko.

Mambo ya kufanya

1. Pumzi. Filimbi ikilia, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, uitoe polepole ukihesabu hadi sita. Kutoa hewa polepole hupunguza mbio za moyo. Wafanye kila siku mazoezini, siyo siku ya mechi tu.

2. Neno moja. Timu ichague neno la kuambiana mambo yakiharibika. Letu ni "Rudi!" Maana yake: acha yaliyopita, shika nafasi yako.

3. Zoezi la uonevu. Waambie mapema kwamba leo utaamua vibaya mara mbili, lakini usiseme lini. Atakayebisha akae nje dakika mbili. Mwanzoni watabisha tu. Baada ya majuma kadhaa utaona mpira ukiendelea bila maneno.

4. Adhabu yenye faida. Usimkimbize kijana mpaka achoke, wala usimwaibishe mbele ya wenzake. Wetu alikubali kuchora mistari ya uwanja kila Jumamosi, na sisi walimu tukachanga pesa za gongo jipya, kwa kuwa kosa lilikuwa letu sote.

5. Sisi wakubwa tunyamaze. Mtoto huiga anachokiona. Tumekubaliana kwamba mwalimu au mzazi atakayemfokea refa ataondoka kando ya uwanja. Mmoja wetu ameshaondolewa mara moja!

Kijana yule alirudi. Siku hizi tukifungwa, sauti ya kwanza kusikika ikiita "Rudi!" ni yake.

Maswali ya kujadiliana

- Mara ya mwisho kijana wako alipokasirika, wewe ulikuwa unafanya nini?
- Timu yenu itachagua neno gani?
- Utulivu huu utamfaaje kijana nyumbani na kwenye mtihani?